Jamsetji Tata: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Jina la Tata tunalijua kwa macho. Liko kwenye pua ya lori la mchanga, liko kwenye basi linalopiga honi stendi alfajiri. Wengi hushangaa wakisikia kwamba mtu aliyeanzisha nyumba hiyo ya biashara alikufa miaka 41 kabla kampuni ya magari haijaundwa, na kwamba yeye hakuuza hata tairi moja. Hapo ndipo maswali yanapoanza. Haya ndiyo yanayorudi zaidi.

Jamsetji Tata alikuwa nani?

Alikuwa mfanyabiashara na mwenye viwanda wa Kihindi, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1839 na kufariki tarehe 19 Mei 1904. Jina lake kamili ni Jamsetji Nusserwanji Tata. Nusserwanji ni jina la baba yake. Aliishi India iliyokuwa mikononi mwa Waingereza, kwanza chini ya Kampuni ya India Mashariki, halafu kuanzia 1858 chini ya Malkia mwenyewe. Katika India hiyo Mhindi aliruhusiwa kununua na kuuza, lakini kutengeneza mambo makubwa, kama chuma, meli na mitambo, kulihesabiwa kuwa kazi ya wengine.

Alijenga viwanda vya nguo Bombay (siku hizi Mumbai) na Nagpur, na hoteli ya Taj Mahal iliyoko ufukweni Bombay. Alipanga kiwanda cha chuma, umeme wa maji na chuo cha utafiti wa sayansi, na hivyo vitatu vyote vilikamilika yeye akiwa kaburini. Naomba msomaji alishike hilo mapema, maana majibu mengi ya hapa chini yanarudi palepale.

Ndiye Ratan Tata aliyefariki 2024?

Hapana. Huyo alizaliwa 1937, miaka 33 baada ya Jamsetji kufa. Jamsetji alikuwa na wana wawili, Dorabji na Ratanji. Ratanji, aliyekuja kuitwa Sir Ratan Tata, hakuacha mtoto, na mjane wake Navajbai akamlea Naval kama mwanawe. Ratan wa 2024 ni mtoto wa Naval. Kwa hiyo ni kitukuu cha Jamsetji kwa njia ya kuasili.

Kwao wapi, na Waparsi ni watu gani?

Alizaliwa Navsari, mji mdogo wa Gujarat. Waparsi ni wafuasi wa dini ya Zoroasta ambao wazee wao walitoka Uajemi karne nyingi zilizopita wakatia nanga pwani ya Gujarat. Wasomaji wa Unguja hawahitaji kuelezwa sana, kwa sababu jamii ya Waparsi ilikuwapo Mji Mkongwe pia.

Ukoo wake ulikuwa wa makuhani. Baba yake, Nusserwanji, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha kazi hiyo na kwenda Bombay kujaribu biashara. Kijana alimfuata akiwa na miaka 14, akasoma chuo cha Elphinstone, akamaliza 1858. Alikuwa ameozwa Hirabai tangu wote wawili wakiwa wadogo, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Mapenzi ya vitabu aliyoyapata Elphinstone hayakumtoka hadi kufa kwake, na mtu asipolijua hilo hataelewa kwa nini baadaye alitaka kutoa nusu ya mali yake kwa ajili ya chuo.

Ni kweli fedha za mwanzo zilitokana na afyuni?

Ndiyo, kwa sehemu, wala sioni faida ya kulizungukazunguka swali hili. Mwaka 1859 baba yake alimtuma Hong Kong kufungua tawi. Meli za kwenda China zilibeba pamba na afyuni kutoka India, na za kurudi zilibeba chai na hariri. Biashara hiyo ilikuwa halali mbele ya sheria za Waingereza, waliokuwa wameilazimisha China kwa mizinga kuipokea. Nyumba nyingi kubwa za Bombay, za Waparsi, za Wayahudi wa Baghdad na za Waingereza wenyewe, zilipata utajiri kwa njia hiyo.

Uhalali hauondoi madhara. Mchina aliyelala chali na kiko chake Canton alilipa sehemu ya msingi wa mali hii. Anayemsifu Jamsetji, nami ni mmoja wao, inampasa aseme na hilo.

Je, aliwahi kufilisika?

Aliwahi kuanguka, na anguko hilo ndilo lililomfunza. Vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, kuanzia 1861, vilizuia pamba ya majimbo ya kusini isifike viwanda vya Lancashire. Uingereza ikageukia pamba ya India, bei ikapaa, na Bombay ikalewa fedha. (Sisi tulikumbwa na athari za vita vilevile kwa upande wa pili: merikani, ile nguo ya Kimarekani iliyovaliwa na kubadilishwa kwa pembe kuanzia Unguja hadi bara, iliadimika, na miaka iliyofuata vitambaa vya Bombay vikaja kuchukua nafasi yake.)

Jamsetji alipelekwa London kufungua benki ya Wahindi. Akiwa huko, mwaka 1865, vita vikaisha na pamba ya Marekani ikarudi sokoni. Bei ikaporomoka, na hati za thamani alizokuwa nazo mkononi zikawa karatasi tupu. Alikuwa na miaka 26, katika mji wa watu, na madeni ya baba yake shingoni.

Hakukimbia. Aliwaita wenye kudai, akawafungulia vitabu vyote na kuwaeleza hali ilivyo. Wadai walivutiwa na uwazi wake kiasi kwamba walimteua yeye mwenyewe kuwa mfilisi wa mali ile, kwa ujira wa pauni 20 kwa mwezi. Wakati wa kusubiri mambo yaishe, alizunguka Lancashire akatazama viwanda vya nguo kwa macho ya mtu anayehesabu. Alirudi Bombay bila benki, lakini akijua pamba ya India inavyoondoka kwao kwa bei ya mali ghafi na kurudi ikiwa kitambaa kwa bei ya Manchester.

Kuna habari kwamba vita vya Uhabeshi vilimtajirisha. Vipi?

Mwaka 1867 Uingereza ilipanga kumshambulia Mfalme Tewodros wa Uhabeshi ili kuwakomboa Wazungu aliokuwa amewafunga. Jeshi lilitoka Bombay chini ya Jenerali Napier, likashuka kwenye pwani ya Eritrea, likapanda milima hadi Magdala, na Aprili 1868 Tewodros akajiua ngome ilipovunjwa. Jeshi la namna hiyo linahitaji chakula, mahema na vyombo. Nusserwanji alikuwa katika kundi la wafanyabiashara waliopata zabuni ya kulipelekea mahitaji. Vita vilikwisha mapema kuliko ilivyodhaniwa, na faida ikawa nene. Ndiyo iliyoisimamisha tena familia.

Kwa hiyo mtaji wa mapema wa Tata una vumbi la Afrika ndani yake. Mwaka huohuo wa 1868 Jamsetji, akiwa na miaka 29, alifungua kampuni yake mwenyewe kwa rupia 21,000, na huo ndio mwaka unaohesabiwa kuwa wa kuzaliwa kwa nyumba ya Tata.

Kiwanda chake cha kwanza kilikuwa kipi?

Cha kwanza kilikuwa kinu cha mafuta kilichofilisika, mtaa wa Chinchpokli, Bombay, alichokinunua 1869. Alikigeuza kuwa cha pamba, akakiita Alexandra, na baada ya kama miaka miwili akakiuza kwa faida. Hayo yalikuwa mazoezi tu.

Kilichomtambulisha kwa watu ni kiwanda cha Nagpur. Kila mtu wakati ule alijenga Bombay: bandari ipo, benki zipo, wenzako wapo. Yeye alitafuta mahali ambapo pamba inalimwa jirani, makaa ya mawe hayako mbali, na wanunuzi wa nguo wako mlangoni. Ramani ikamwambia Nagpur, katikati kabisa ya India. Kampuni ikaandikishwa 1874 kwa mtaji wa rupia laki 15. (Laki ni ileile yetu; wao na sisi tunaitumia kwa maana moja, kama vile rupia ilivyokuwa fedha yetu pia pwani kabla ya shilingi.) Ardhi aliyopata ilikuwa tope la kujazwa kwa udongo mwingi. Mkopeshaji mmoja wa huko, Mmarwari (mtu wa jamii ya wafanyabiashara wa Rajasthan), alikataa kutia fedha yake kwa mtu anayefukia dhahabu ardhini. Inasimuliwa kwamba aliishi hadi akakiri kuwa mtu yule alifukia udongo akachimbua dhahabu.

Kiwanda kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1877, siku ileile Victoria alipotangazwa Malkia mkuu wa India, na kikaitwa Empress. Hapo mwanzo mitambo ilikuwa hafifu, na wafanyakazi walikuja wanapojisikia. Jamsetji alimweka Bezonji Dadabhai Mehta kuwa meneja, mtu aliyetoka idara ya mizigo ya reli, asiyejua nguo hata kidogo lakini aliyejua kupanga watu. Fundi wake Mwingereza, James Brooksby, alileta aina mpya ya pia za kusokotea nyuzi zilizovumbuliwa Marekani, ambazo mabwana wa Lancashire walikuwa bado wanazitilia shaka. Nagpur ilizijaribu, ikaziona zinakwenda kasi kuliko za zamani, ikazichukua. Huo ulikuwa mji wa ndani wa koloni, na katika jambo hilo uliitangulia Lancashire.

Wafanyakazi wake walitendewaje?

Kwa kipimo cha zama zile, vizuri kuliko karibu viwanda vyote vya India, na vingi vya Ulaya.

Chukua hewa tu. Uzi wa pamba hukatika hewa ikiwa kavu, na Nagpur kiangazi ni tanuri. Ndani ya kiwanda cha nguo cha wakati ule mtu alisimama kutwa katika vumbi jeupe la pamba lililoingia puani, kooni, kwenye nyusi. Jamsetji aliweka mitambo ya kulainisha hewa kwa mvuke wa maji, ya kupitisha hewa safi na kutoa vumbi, pamoja na mabomba ya kuzima moto darini. Mwaka 1886 akaanzisha mfuko wa pensheni, na 1895 fidia kwa aliyeumia kazini. Wakati huo hakukuwa na sheria India iliyomlazimisha.

Alisema waziwazi kwamba hakuwa anatoa hisani kwa kufanya hivyo; maslahi ya wenye hisa na afya ya wafanyakazi aliyaona kuwa kitu kimoja. Nampenda zaidi kwa kauli hiyo kuliko kama angejiita mkarimu. Mwenye huruma anaweza kuchoka, ila anayeona kwamba pia ya uzi haizunguki bila mtu mzima wa afya hawezi kusahau.

Hata hivyo saa za kazi zilikuwa ndefu na mishahara ya viwanda vya nguo ilikuwa midogo kila mahali, kwake pia. Asiyesema hivyo anapamba.

Swadeshi Mills na vita vya meli ni mambo gani?

Mwaka 1886 alinunua kiwanda kibovu kilichosifika kwa ubovu, Kurla nje ya Bombay, akakiita Swadeshi, yaani "cha nchi yetu", karibu miaka 20 kabla neno hilo halijawa kaulimbiu ya kususia bidhaa za Uingereza. Kilikaribia kumtia aibu. Hisa zilianguka, akauza mali zake nyingine kukiokoa, hatimaye kikasimama.

Vita vya meli alishindwa. Kampuni kubwa ya meli ya Kiingereza, P&O, ilitoza nauli nzito kwa mizigo ya nyuzi kwenda China na Japani. Mwaka 1893 alikwenda Japani, akaungana na Nippon Yusen Kaisha, akakodi meli na kuanzisha njia yake. P&O wakashusha nauli hadi karibu na bure, na wafanyabiashara wenzake, waliokuwa wamelalamika pamoja naye, wakamkimbia mmoja mmoja kufuata bei ya chini. Akafunga.

Ni kweli alijenga Taj kwa sababu alifukuzwa kwenye hoteli ya Wazungu?

Hadithi hiyo inapendwa mno: kwamba alizuiwa mlangoni pa hoteli ya Watson kwa rangi yake, akaapa kujenga iliyo bora. Ubaguzi wa hoteli za Bombay ulikuwapo kweli. Lakini kisa chenyewe hakina ushahidi wa wakati ule, na mimi siamini kwamba mtu aliyekuwa akipima mambo kwa miongo angejenga jengo la namna ile kwa hasira ya jioni moja. Bombay ilikuwa imetoka kupigwa na tauni, iliyoanza 1896, na wageni walikuwa wameanza kuukwepa mji. Alitaka kuurudishia heshima.

Aliijenga kwa fedha zake binafsi, kwa michoro ya Sitaram Khanderao Vaidya na D. N. Mirza, kisha Mwingereza W. A. Chambers akaimalizia. Dada yake mmoja, inasimuliwa, alimuuliza kwa mshangao kama kweli, pamoja na chuo na chuma, sasa anataka kufungua na mgahawa. Yeye mwenyewe alizunguka Ulaya akinunua vitu: lifti za Ujerumani, mapangaboi ya Marekani, mabafu ya Kituruki. Tarehe 16 Desemba 1903 ilifunguliwa kwa wageni 17, ikiwa na taa za umeme wakati mji uliobaki bado unawasha gesi. Lile lango kubwa la mawe linaloonekana mbele yake kwenye picha lilikuja baadaye, 1924.

Kwa nini anaitwa mfadhili? Tajiri gani hakutoa sadaka?

Hapa ndipo anapotofautiana na wenzake. Bombay ilijaa matajiri wakarimu waliojenga visima, hospitali na nyumba za wasafiri. Sisi pia tunao: Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo, wa kizazi kilekile, ambaye jina lake bado linatajwa kila siku Muhimbili, Alidina Visram ambaye shule yake ipo Mombasa. Hao walitoa kwa waliokuwa na shida mbele yao, na Mungu awalipe.

Jamsetji aliona tofauti kati ya kumvisha aliye uchi na kumsukuma mbele aliye bora kabisa ili awe na manufaa kwa wengi. Alichagua hilo la pili, na watu walimlaumu. Mwaka 1892 aliweka wakfu wa kuwasomesha Wahindi ng'ambo, bila kujali dini wala kabila. Haukuwa wa bure: ulikuwa mkopo, na aliyesoma akirudi alilipa ili mwingine aende. Miongoni mwa waliopelekwa mwanzoni alikuwamo mwanamke, Freny Cama, aliyesomea udaktari. Muda mrefu baadaye kijana maskini wa Kerala, wa tabaka lililohesabiwa kuwa la chini kabisa, alikwenda London kwa wakfu huo. Ni K. R. Narayanan, aliyekuja kuwa Rais wa India mwaka 1997.

Halafu kuna chuo. Mwaka 1898 alijitolea majengo 14 na viwanja vinne vya Bombay, vyenye thamani ya rupia laki 30, karibu nusu ya alichokuwa nacho, ili ijengwe taasisi ya utafiti wa sayansi. Mshirika wake Burjorji Padshah alizunguka vyuo vya Ulaya na Marekani kuona vinavyofanya kazi. Tarehe 31 Desemba 1898, siku moja tu baada ya Lord Curzon kushuka melini kuja kuwa mtawala mkuu, ujumbe ulimpelekea rasimu. Curzon akauliza: wanafunzi watatoka wapi? Wakihitimu watafanya kazi gani? Swali likageuka kamati, kamati zikageuka miaka. Mwanakemia William Ramsay aliletwa kutoka London akashauri Bangalore, na mtawala wa Mysore, dola yenye mji huo, Maharani aliyekuwa akishika nafasi ya mwanawe mdogo, akakubali kutoa ardhi ya ekari 371.

Jamsetji alikufa kabla serikali haijatia saini. Katika wosia wake aliilinda sehemu ile ya mali kwa ajili ya chuo. Amri ya kuanzishwa ilitoka Mei 1909, wanafunzi wa kwanza wakaingia 1911. Ni Indian Institute of Science, na wenyeji wa Bangalore hadi leo wanaiita kwa kifupi Taasisi ya Tata. C. V. Raman, mshindi wa tuzo ya Nobel ya fizikia, aliiongoza kuanzia 1933.

Kisa chake na Swami Vivekananda ni cha kweli?

Ni kweli. Mwaka 1893 walipanda meli moja, Empress of India, kutoka Yokohama hadi Vancouver. Tata alikuwa akienda kwenye maonyesho ya Chicago, Vivekananda, mtawa wa Kihindu, kwenye mkutano wa dini uliokuwa mjini humohumo. Walizungumza juu ya viwanda na sayansi. Novemba 1898 Tata alimwandikia barua, akamkumbusha mazungumzo ya melini na kumwomba ahamasishe watu kwa ajili ya chuo: kwamba wapo vijana wa India wenye moyo wa kujinyima kama watawa, na hakuna mahali bora pa kuutumia kuliko sayansi. Swami hakuishika kazi hiyo mwenyewe, ila wafuasi wake waliiunga mkono.

Ilikuwaje mfanyabiashara wa nguo akafikia chuma?

Kwa uvumilivu wa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1882 alisoma ripoti ya mwanajiolojia wa Kijerumani, von Schwarz, juu ya madini ya chuma wilaya ya Chanda, si mbali na Nagpur. Alijaribu makaa ya jirani, hayakufaa. Sheria za madini za serikali zilimfunga mikono, akaweka karatasi kabatini. Mwaka 1899 Curzon alilegeza sheria. Jamsetji, akiwa na miaka 60, akazitoa tena.

Mwaka 1902 alikwenda Marekani, akatembelea Pittsburgh na Cleveland kuona matanuri. New York aliingia ofisini kwa mhandisi Charles Page Perin, mgeni mwenye ndevu na vazi asilolijua, akamwambia anamtaka India amjengee kiwanda cha chuma. Perin alisema baadaye kwamba alimtazama usoni, akakubali. Alimtanguliza mwanajiolojia, C. M. Weld.

Weld alizunguka na Dorabji kwa gari la ng'ombe kwenye misitu yenye simbamarara na uhaba wa maji, wakaliona lile eneo la Chanda halitoshi. Dorabji alikwenda Nagpur kumwarifu kamishna kwamba wanaacha. Kamishna hayupo. Kwa kupitisha muda akaingia jumba la makumbusho lililokuwa jirani, na humo ukutani akakuta ramani ya jiolojia yenye doa jeusi wilaya ya Durg, alama ya chuma. Walipofika huko walikanyaga kilima kilicholia chini ya viatu kama sahani. Kisha ikaja barua ya P. N. Bose, mwanajiolojia wa Kihindi aliyestaafu serikalini, ya Februari 1904: Mayurbhanj kuna mlima mwingine, karibu zaidi na makaa ya Bengal. Miezi mitatu baadaye Jamsetji akafa.

Wanawe wakaendelea. London iliwazungusha ilipokuja habari ya mtaji, wakaamua kuwaomba Wahindi wenyewe. Agosti 1907 ofisi yao Bombay ilizingirwa tangu asubuhi hadi usiku. Katika wiki tatu watu kama 8,000 walinunua hisa za zaidi ya pauni milioni 1.6. Mkuu wa reli za India, Sir Frederick Upcott, alikuwa ametamba kwamba atakula kila ratili ya reli ambayo Tata wataweza kutengeneza kwa viwango vya Kiingereza. Februari 1912 donge la kwanza la chuma cha pua likatoka. Vita Kuu ilipokuja, kiwanda kilitoa maili 1,500 za reli, na Dorabji akasema Sir Frederick angevimbiwa.

Na mji wa Jamshedpur?

Alielekeza kwa barua, miaka mitano kabla hata mahali hapajajulikana. Alimwandikia Dorabji 1902: barabara ziwe pana, zipandwe miti ya kivuli, na kila mti wa pili uwe wa aina inayokua haraka, ziachwe nafasi kubwa za bustani, na viwanja vya mpira na magongo, yatengwe maeneo ya mahekalu ya Wahindu, misikiti na makanisa. Mimi husimama kwenye ile "kila mti wa pili". Ni mtu anayemfikiria mfanyakazi wa mwaka wa kwanza, anayetoka zamu saa sita mchana, asiyeweza kungoja mwembe ukue.

Mji ulijengwa Sakchi, mito ya Subarnarekha na Kharkai inapokutana. Kazi ya saa nane ilianza humo 1912. Mwaka 1919 gavana mkuu Chelmsford akaupa jina la Jamshedpur.

Waliokuwa wakiishi Sakchi kabla walikwenda wapi?

Swali hili huulizwa mara chache, nami nafurahi linapoulizwa. Pale palikuwa na vijiji vya Wasanthal, Waho na wenyeji wengine wa misituni. Zaidi ya ekari 3,500 zilichukuliwa kwa nguvu ya sheria ya serikali. Wengi walirudi kwenye ardhi yao wenyewe kama vibarua wa kubeba udongo na mawe, wakati kazi za ufundi zilishikwa na Wazungu, Wamarekani na Wahindi wa mbali. Migomo mikubwa ilitokea 1920, 1922 na 1928. Jamsetji hakuyaona haya, lakini barua iliyokumbuka hekalu, msikiti na kanisa haikuwa na nafasi kwa miti mitakatifu ya Wasanthal, ambao husali kwenye kichaka cha miti ya sal.

Umeme nao?

Milima ya Ghats magharibi hupokea mvua ya kutisha miezi minne. Alitaka maji yazuiliwe juu, Lonavala, yateremshwe kwa mabomba hadi Khopoli, yaendeshe viwanda vya Bombay badala ya moshi wa makaa. Kampuni iliundwa 1910, umeme ukafika 1915.

Alikuwa mpigania uhuru au mtu wa Waingereza?

Alikuwa karibu na Dadabhai Naoroji na Pherozeshah Mehta, wazee wa Indian National Congress, na alikichangia chama hicho. Wakati huohuo alikaa meza moja na magavana, na kiwanda chake bora alikipa jina la cheo cha Malkia. Alikufa bila kuitwa Sir, ingawa wanawe wote wawili waliitwa. Nadhani aliamini kwamba taifa lisilojua kuyeyusha chuma halitajitawala hata likipewa bendera, akafanya sehemu yake.

Ana uhusiano gani na Afrika, ukiacha Uhabeshi?

Uko wa aina mbili. Mwaka 1909, Gandhi alipokuwa Afrika Kusini akipigania haki za Wahindi waliokuwa wakifungwa na kutozwa kodi kwa sababu ya asili yao, Ratanji Tata alimpelekea rupia 25,000, na michango yake yote ikafikia rupia 125,000.

Ya pili ni reli. Zile maili 1,500 zilikwenda Mesopotamia, Misri, Palestina, na nyingine zikaletwa hapa Afrika Mashariki, kwenye vita vya Waingereza na von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani.

Alikufaje, na kaburi lake liko wapi?

Moyo ulimsumbua. Mapema 1904 alikwenda Ulaya kutibiwa, na Machi, akiwa safarini, akapata habari kwamba Hirabai amefariki nyumbani. Alifia Bad Nauheim, Ujerumani, tarehe 19 Mei, akiwa na miaka 65. Wanawe waliyagawa mali yao wenyewe kwa wakfu, na hadi leo taasisi hizo za wakfu zinamiliki karibu asilimia 66 ya hisa za kampuni mama ya Tata.

Hakurudishwa Bombay. Alizikwa Brookwood, makaburi makubwa ya Surrey nje ya London, kwenye sehemu ya Waparsi. Ukitoka kituo cha Waterloo kwa treni unafika kituo cha Brookwood, na makaburi yako palepale kando ya reli. Wanawe wote wawili walifuata kulazwa hapo, Ratanji 1918 na Dorabji 1932, pamoja na mkewe Meherbai.